Drili ya mkono, ya kwenye stendi, ya mezani au ya sakafuni: ipi ikae kwenye karakana yako ya gitaa?

Mafundi wenzangu, hili swali vijana wanaoanza kutengeneza magitaa wananiuliza sana, "kaka ninunue ile drili ya kusimama au nibaki na hii yangu ya mkono?" na kila nikijaribu kujibu kwa sentensi moja nashindwa, maana jibu halipo kwenye mashine, lipo kwenye gitaa lenyewe. Kwaiyo leo nakaa chini niandike yote, ukimaliza kusoma utajua mwenyewe hela yako iende wapi.

Kabla hujaenda dukani fanya kitu kimoja. Chukua karatasi, hesabu matundu. Mi nilifanya hivyo kwa gitaa la umeme la freti 22 (vile vyuma vyembamba vya shingoni) la kawaida kabisa: vikazio vya nyuzi 6, skrubu za kushikilia hivyo vikazio 6, shingo kufungwa kwenye bodi matundu 8 (manne kwenye bodi manne kwenye shingo), nyuzi kupita kwenye bodi kutokea nyuma 6, nukta za mbele kwenye ubao wa freti 10, nukta ndogo za pembeni 10, vitasa vya voliumu na toni 3, jeki ya waya 1, vifungo vya mkanda 2. Jumla 52. Hapo bado skrubu za brija (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye bodi) na vifuniko.

Sasa angalia vizuri, kati ya hayo 52 ni kama 20 tu ndo yanadai kunyooka kweli kweli: ya vikazio, ya shingo, na yale ya nyuzi kupita kwenye bodi. Mengine yote yanadai kina sahihi au upana sahihi, ila likilala kidogo hakuna atakayeona wala kusikia. Hapo ndo pa kuanzia kuchagua. Ukitengeneza gitaa ambalo halina nyuzi za kupita kwenye bodi umeshapunguza 6, ukitengeneza la akustiki la kubandika shingo kwa gundi umepunguza mengine 8, na mahitaji yako ya mashine yanabadilika kabisa.

Nitalinganisha njia nne. Ya kwanza drili ya mkono ukiisaidia na jigi, yaani kibao cha kuongoza biti. Ya pili drili hiyohiyo ya mkono ila imefungwa kwenye stendi yake ya kupanda na kushuka. Ya tatu drili ndogo ya mezani, ya nne ile kubwa inayosimama sakafuni, hizi mbili za mwisho ndo naziita za kusimama. Na vigezo ni hivi: inanyooka kiasi gani, inafika wapi kwenye gitaa, inashika kina, spidi na nguvu, kazi nyingine zaidi ya kutoboa, halafu umeme na nafasi na mfuko wako.

Kunyooka

Hesabu ndogo kwanza ili tuelewane kwanini hii ni ishu. Biti ikilala digrii 2 tu, kwenye kichwa cha gitaa chenye unene wa milimita 14 tundu linatokea upande wa pili likiwa limekosa kwa nusu milimita, hiyo mtu anaweza kuishi nayo. Ila kwenye bodi ya milimita 45 kosa lilelile linakuwa zaidi ya milimita moja na nusu, na ukiwa na matundu sita yaliyopangwa mstari mmoja nyuma ya gitaa kila moja limeenda kwake, jamani inauma, mteja akigeuza gitaa kitu cha kwanza anaona ni hicho.

Drili ya mkono peke yake macho yako ndo rula, na macho yanadanganya. Unaweza kusimamisha skwea mbili, moja mbele moja pembeni, mwenzako akawa anaangalia upande mmoja we unaangalia mwingine, inasaidia. Ila jigi ndo inaokoa. Jigi ni kipande cha mbao ngumu, mi natumia vipande vya mpingo vya unene wa milimita 30 hadi 40, kimetobolewa matundu kwa mashine nzuri mara moja tu, halafu unakibana juu ya kichwa cha gitaa, biti inapita mle ndani haina pa kukimbilia. Kama huna mashine nenda kwa fundi mwenye nayo, kwa Dar ukiingia Keko kwa mafundi wa fanicha humkosi, unamlipa akutobolee jigi, siku moja imeisha halafu unaitumia kwenye magitaa mengi tu. Ubaya wake matundu ya jigi yanalika taratibu kila biti inapopita, kwaiyo ukiona biti imeanza kucheza mle ndani tengeneza nyingine, au mwambie fundi vyuma akuwekee vipande vifupi vya bomba la chuma ndani ya matundu.

Stendi ya drili ya mkono watu wanainunua wakidhani wamepata drili ya kusimama kwa bei ya chini, na zipo nzuri, ila nyingi mkono wake unacheza. Ipime palepale dukani: shusha drili mpaka chini halafu sukuma kichwa kwa kidole kushoto kulia, kama ncha ya biti inasogea hata milimita moja achana nayo. Kingine ambacho hakuna anayekwambia, stendi nyingi zinashika drili kwenye shingo ya duara ya milimita 43, na drili nyingi za betri hazina hiyo shingo kabisa, kwaiyo unaweza kununua stendi halafu drili yako isikae. Na kama drili yako ni ile ya kugonga ya ukutani, nyingi shafti yake ina mchezo wa mbele na nyuma kwa sababu ndo inavyofanya kazi ya kugonga, hiyo hata ukiiweka kwenye stendi ya dhahabu haitulii.

Drili ya mezani na ya sakafuni kwenye kunyooka nazitaja pamoja maana tatizo lao ni moja: usiamini kwamba kwa kuwa ni mashine basi imenyooka. Kuna vipimo viwili, vyote bure. Cha kwanza weka chuma kilichonyooka kwenye chaki (ile sehemu inayong'ata biti) zungusha puli kwa mkono, ncha ya chuma ikichora kaduara hewani ujue shafti au chaki imepinda. Cha pili, kata waya mgumu ukunje uwe na umbo la Z, ncha moja ndani ya chaki nyingine iguse meza kwa mbali kutoka katikati, halafu zungusha kwa mkono. Ncha inatakiwa iguse meza sawasawa pande zote nne. Ikigusa mbele na kuacha nafasi nyuma, meza yako imelala. Kulia na kushoto unarekebisha kwa ile bolti ya chini ya meza, mbele na nyuma mara nyingi hakuna bolti, unaweka vipande vyembamba vya bati au karatasi ngumu chini ya ubao utakaoufunga juu ya meza.

Mi nilinunua ya mezani mpya ikiwa kwenye boksi nikaitumia bila kupima. Shingo ya mninga niliyoichonga wiki nzima, matundu sita ya vikazio yote yamelala upande mmoja kwa usawa kabisa, yaani kosa lilikuwa la mashine sio la mkono. Tangu siku hiyo napima kila nikiihamisha.

Tofauti ya ile ya sakafuni ni uzito. Nguzo nene, meza nene, ukikandamiza biti kubwa haijikunji. Ya mezani ukiiegemea na biti ya upana mkubwa unaiona kabisa meza inashuka kidogo upande wa mbele, na tundu linalala nayo.

Na jambo la mwisho hapa, kwa drili yoyote ile, toboa matundu ya vikazio mapema wakati kipande cha shingo bado kina pembe za mraba na hakijachongwa mviringo. Shingo ikishachongwa haikai kwenye meza, na kama kichwa kimelazwa nyuma kwa digrii 13 au 14 itabidi shingo ining'inie nje ya meza ukiitafutia kitu cha kuishikilia. Chini ya kichwa weka ubao wa kutupa ili mbao isichanike biti inapotokea. Vikazio vya kisasa vya kufungwa kwa nati vingi vinataka milimita 10, vile vya zamani vya kugongea pete vinataka kama 8.7, pima chako mwenyewe kabla ya kutoboa usiamini kilichoandikwa.

Wale wa gitaa la klasiki lenye kichwa cha mifereji, nyie ni kesi ya peke yake. Mashine za vikazio zinakuja tatu kwenye bati moja, katikati ya mhimili mmoja na mwingine ni milimita 35 na mihimili yenyewe ina upana wa milimita 10, na matundu yanaingia ubavuni yanakata mfereji yanaenda mpaka nguzo ya katikati. Likilala moja tu mhimili unakwama, kukaza nyuzi kunakuwa kugumu miaka yote ya hilo gitaa. Hapa sitanii, ama jigi nzuri ama mashine iliyopimwa.

Inafika wapi

Hiki ndo kigezo watu wanakisahau na ndo kinaleta majuto. Koo ya drili ni umbali kutoka katikati ya biti mpaka kwenye nguzo. Ukiona imeandikwa drili ya inchi 10 usifikiri inafika inchi 10, maana yake inaweza kutoboa katikati ya duara la inchi 10, yaani koo ni inchi 5, kama milimita 125 hivi. Na ndogo zaidi zina koo ya kama milimita 100.

Sasa leta gitaa la akustiki la bodi pana. Upana wake pale kwenye tumbo ni kama milimita 400, na ukipima kutoka mkiani mpaka zilipo pini za brija unapata kama milimita 200. Kwaiyo utoke mkiani, utoke ubavuni, drili ya mezani haifiki. Hata ya sakafuni yenye koo ya milimita 165 haifiki, unahitaji ya koo ya 200 na kitu.

Ila usikate tamaa, kuna namna. Brija yenyewe ni kakipande kadogo, toboa matundu sita ya pini kwenye brija ikiwa bado mkononi, kwa drili ya mezani, yanyooke vizuri. Bandika brija kwa gundi, ukitumia bolti mbili nyembamba kwenye tundu la kwanza na la sita kuishika isiteleze, halafu gundi ikikauka pitisha drili ya mkono ndani ya matundu hayohayo mpaka chini. Brija imekuwa jigi. Unaanza na kama milimita 5 halafu unapanua kwa rima, kile chuma chenye makali kinachofanya tundu liwe pana juu na jembamba chini kama pini ilivyo, unazungusha kwa mkono taratibu unajaribu pini, unazungusha tena. Mi naona hii njia ni bora hata kama ningekuwa na mashine ya koo ndefu.

Bodi ya umeme ya mtindo wa Telecaster ni rahisi zaidi, bodi ina upana wa kama milimita 320 na matundu ya nyuzi yapo upande wa mkiani, ukiingiza bodi kwa mkia mara nyingi ya mezani inafika. Kichwa cha gitaa na skrubu za shingo, zote zinafika bila shida. Stendi ya drili ya mkono nyingi zina koo fupi kuliko zote, pima. Drili ya mkono na jigi haina koo, inafika popote, hapa ndo inazishinda zote tatu.

Kina

Nukta za kwenye ubao wa freti zinataka tundu la milimita 6 lenye kina cha milimita 2 tu, mara kumi, na vyote vilingane. Hapa stopa ya drili ya mezani ni raha, unaifunga mara moja unatoboa kumi unamaliza, na ya sakafuni ni hivyohivyo, na stendi nyingi nazo zina stopa. Drili ya mkono, ile tepu ya rangi unayozungushia kwenye biti inateleza, usiitegemee. Chukua kipande cha mbao kitoboe katikati ukivalishe kwenye biti kibakize milimita 2 nje, hicho hakiongopi.

Kitu cha kuangalia kwenye za mezani ni shafti inashuka kiasi gani. Nyingi za bei nafuu zinashuka milimita 50, bodi ya 45 inapita kwa shida ukipanga meza vizuri. Za sakafuni zinashuka 80 na kuendelea. Kwa matundu ya nyuzi kupita kwenye bodi, wengi wetu tunatoboa nusu kutokea mbele na nusu kutokea nyuma: funga ubao kwenye meza, weka kapini kembamba kamesimama juu ya ubao katikati kabisa chini ya biti, toboa mbele matundu yote sita kwa kina cha nusu, geuza bodi, kalisha kila tundu juu ya pini, toboa nyuma. Mbele na nyuma vinakutana. Hii kwa drili ya mkono huifanyi, na kwa stendi inayocheza pia huifanyi.

Spidi na nguvu

Biti nyembamba inataka spidi kubwa, biti nene inataka spidi ndogo. Ndo sheria nzima. Milimita 2 na 3 endesha kwenye mizunguko 2000 mpaka 3000 kwa dakika, biti ya Forstner (ile pana inayotoboa tundu lenye sakafu bapa) ya milimita 25 kwenye mbao ngumu shuka 700 au chini yake, la sivyo unachoma mbao na unaua biti. Kwa sisi tunaotumia mbao za kwetu hii ina uzito maana mpingo sio mchezo, kipande kikavu kinazama kwenye maji, ndo maana wazungu wanautengenezea klarineti na oboe, ukiukimbiza unanuka moshi ndani ya sekunde. Toboa kidogo toa biti, toboa kidogo toa.

Drili ya mkono unaongoza spidi kwa kidole, hapo nzuri. Ila ukiweka Forstner ya milimita 30 kupunguza mbao kwenye shimo la pikapu (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) au shimo la nyaya kabla hujapitisha ruta ya mbao (mashine ya kuchonga mashimo), ikishika kwenye kona inakusokota kiwiko. Kiwiko kitauma wiki nzima. Stendi inasaidia kidogo. Ya mezani inafanya hii kazi vizuri, unapanga matundu yanapishana kama magamba ya samaki, unafika kina cha karibu na mwisho halafu ruta inamalizia kwa kufuata patani (kiolezo), na ruta inaishi maisha marefu na vumbi linapungua. Za mezani nyingi zina spidi tano za kubadilisha kwa mkanda na puli, ya chini kabisa mara nyingi iko kwenye 500 au 600. Ya sakafuni inaweza kuwa na spidi 12 au 16 na kushuka mpaka kama 200, na hapo ndo utofauti upo kwa wanaotumia biti kubwa sana.

Kazi nyingine

Hapa ndo sababu nyingi za kununua mashine zinapotokea, na pia ndo pana ahadi nyingi za uongo.

Duara la msasa: unafunga ngoma ya msasa kwenye chaki, unatengeneza kaboksi ka emdiefu kenye tundu, unasafisha mikunjo ya ndani ya bodi na ya patani. Ya mezani na ya sakafuni zote zinaweza, ila elewa kwamba mashine hii imetengenezwa kusukuma chini sio kusukumwa ubavuni. Chaki nyingi zimekaa kwa kubana tu kwenye shafti yenye umbo la pia, ukisukuma sana ubavuni inaweza kuchomoka ikiwa inazunguka. Bonyeza kidogo kidogo, fanya pasi nyingi. Kwa stendi sikushauri kabisa.

Kubonyeza freti: ukiwa na kipande cha shaba chenye mkunjo wa ubao wa freti, unaweza kutumia mkono wa drili kama presi, mashine IKIWA IMEZIMWA na plagi imechomolewa. Ya sakafuni inafaa, ya mezani nayo inafaa kwa mbao laini ila kwa ubao wa mpingo unaumiza beringi, bora nyundo ya plastiki.

Kukata tundu la sauti na mduara wa urembo kwa kikata duara: watu wanapenda kuifanya kwenye drili ya kusimama na mi nasema hapana kwa wengi wenu. Kwanza tundu la akustiki lina kama milimita 100 na katikati yake ni mbali na ukingo, koo ya mezani haifiki. Pili ule mkono wa kikata unaozunguka huuoni ukiwa kwenye mwendo. Kisu cha mduara cha kuzungusha kwa mkono juu ya kapini kinakata ubao wa milimita 3 bila kelele na bila hofu.

Na tafadhali, usiweke biti za ruta kwenye drili ya kusimama. Zile zinataka mizunguko zaidi ya 10,000, drili inakupa 3000, zinang'ang'ania mbao badala ya kukata.

Drili ya mkono kwenye hii orodha haina kitu, ila ina jambo moja ambalo nyingine hazina: inalifuata gitaa la mteja lilivyo. Gitaa likiletwa halijafunguliwa, nyuzi zipo, unataka kutoboa jeki ya milimita 12 mkiani, hakuna meza ya kulilaza hilo.

Umeme, nafasi, mfuko

Drili ya mkono inakubali umeme mbovu. Ya kusimama ina mota ya aina nyingine, inapowaka inavuta umeme mwingi kwa sekunde ile ya kwanza, kwaiyo kajenereta kadogo au inveta ndogo ya sola inagoma. Na umeme ukishuka jioni kama kwetu mtaani, mota inaunguruma haizunguki, ukiiona hivyo zima haraka kabla haijaungua. Kama karakana yako inategemea sola hii peke yake inaweza kukuamulia.

Nafasi, ya sakafuni inachukua eneo dogo chini kuliko watu wanavyofikiri ila ina uzito unaofika kilo 60 mpaka 100, na ni ndefu juu nzito kichwani, lazima ifungwe kwa bolti. Ya mezani inakula meza yako ya kazi, hilo nalo ni gharama.

Bei sitataja maana zinabadilika kila mwezi, ila kwa mpangilio: jigi ni hela ya chai, stendi ni ndogo, ya mezani ni mara kadhaa ya hapo, ya sakafuni mpya ni uamuzi wa familia. Yaliyotumika ukienda Gerezani ya Dar au Gikomba ya Nairobi unaweza kupata za zamani nzito za chuma, nyingine nzuri kuliko mpya, nenda na waya wako wa Z mfukoni, na hakikisha beliti na ufunguo wa chaki vipo. Halafu bakiza hela ya biti nzuri zenye ncha katikati, maana biti butu inapotea njia hata kwenye mashine ya bei mbaya.

Usalama ni mmoja kwa zote za kusimama: hakuna glavu, hakuna shati la mikono mirefu, nywele zifungwe, na kazi ibanwe kwa klampu. Kapande kadogo ukikashika kwa vidole biti ikikanyakua kanageuka panga.

Kwa hali yako

Kama unatengeneza gitaa moja au mawili kwa mwaka na yote ni ya akustiki ya kubandika shingo, kaa na drili ya mkono na jigi ya vikazio na ile mbinu ya brija. Matundu yako yanayodai kunyooka ni sita ya kichwani na sita ya brija.

Kama karakana ni chumba cha kupanga na unahamahama, au umeme ni sola, ni hivyohivyo, ukiongeza stendi kama umeipima na drili yako ina shingo ya 43. Stendi inakufaa hasa kwa nukta na skrubu ndogo, usiidai zaidi ya hapo.

Kama unatengeneza ya umeme, shingo ya kufunga kwa skrubu na nyuzi za kupita kwenye bodi, ya mezani itakulipa mapema. Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: kuchezacheza kwa shafti, inashuka milimita ngapi, koo. Wingi wa spidi uwe wa mwisho.

Kama ni wa klasiki tu, ya mezani ndogo kabisa inatosha, matundu yako yote ya maana yapo kwenye kichwa. Au jigi ya chuma ya milimita 35 kutoka kwa fundi vyuma, matokeo yanakaribiana.

Ya sakafuni inamfaa aliye na oda za kufuatana, au mnaoshirikiana karakana watatu wanne, au anayetengeneza pia fanicha na ngoma. Na kama unataka kutoboa katikati ya bodi pana, pima koo kwa rula yako mwenyewe kabla hujatoa hela, 200 kwenda juu.

Na wewe unayetengeneza na kurekebisha za wateja, usiuze drili ya mkono hata ukinunua ya sakafuni. Jeki za mkiani bado zitakuja.